Majani Usoni mwa Agulu

Mama Akinyi tulimzika Ijumaa, saa nane mchana, kando ya mumewe Odero, na watu walipoanza kupanga foleni ya chakula mimi nilizunguka nyuma ya ghala kumwona Agulu. Bado yuko pale, chini ya mabati manne yaliyoshika kutu, magurudumu yamezama udongoni hadi nusu, na kuku mmoja mwekundu ametaga mahali ambapo zamani mguu wangu ulikanyagia klachi. Ni gari dogo la Kiingereza, mviringo mbele, mviringo nyuma, na ndiyo maana watu wa hapo walimwita Agulu, yaani chungu, mpaka hata mwenyewe akasahau jina la kiwandani. Mimi sasa nakaribia miaka hamsini, nina chumba changu mjini Migori cha kushona viti vya magari, na bado nilisimama mbele ya gari lile bovu kama mtu aliyekuja kusema neno halafu neno likamkwama. Nikasikia fimbo ikigonga mawe nyuma yangu. Alikuwa Mzee Mwita, dereva wa zamani wa lori, Mkuria mrefu ambaye uzee umempinda hapo shingoni tu. "Nyar Karungu," akaniita, binti wa Karungu, vile wazee wote wenye magari ya zamani walivyoniita, "umekuja kuamkia ng'ombe?" Nikamwambia ndiyo. Akapindua ndoo, akaikalia. Kati ya wazee wale amebaki yeye peke yake.

Mambo yenyewe yalianza na kiti. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na sita, nina miaka kumi na tisa, masomo yangu yaliishia darasa la nane, na nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilishona kwenye baraza ya duka moja hapo Migori, cherehani ya kukanyaga, na nikikanyaga nilikuwa nikijiona mbali: siku moja ningekuwa na magari yangu mwenyewe, yamepakwa rangi ya samawati, yanapeleka watu ziwani Jumapili wakapunge hewa, akina mama na miavuli yao, watoto na soda zao, na mimi nimeketi mbele nimevaa miwani ya jua. Mzee mmoja akaja akisukuma mkokoteni wenye kiti cha gari. Ngozi ilikuwa imepasuka, spring zinachungulia. "Nataka kishonwe," akasema. "Si kufunikwa. Kushonwa." Nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, mimi hushona sare za shule." Akaniangalia juu ya miwani. "Na sare haikaliwi?" Huyo ndiye Odero. Kiti kile kilinichukua siku nne na sindano sita zilizovunjika, na alipokuja kukichukua alikikalia hapo hapo barabarani, akafumba macho, akageuza mikono kama ameshika usukani, watu wanapita wanacheka. Alipofumbua macho alisema kiti cha nyuma ni kikubwa, hakibebeki, itabidi nije nyumbani.

Nyumbani kwake ni hapa hapa, nje kidogo ya mji, mahali ambapo kijia kinashuka hadi mto Kuja. Kile kiti cha nyuma nilikikuta sebuleni, kimewekwa ukutani kama kochi, na Mama Akinyi amekitandikia kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono. Wageni wa heshima walikaa hapo. Gari likitaka kutoka, kiti kilibebwa nje, na wageni wakakaa kwenye vigoda. Nilikishona nikiwa nimepiga magoti sakafuni, sakafu iliyosiribwa kwa samadi ikachorwa mistari, redio imefunguliwa mgongo betri zake ziko dirishani zinaota jua, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, inatoka jikoni. Saa ya kula Mama Akinyi hakuuliza kama nina njaa. Aliweka ugali wa mtama mbele yangu, omena, na mboga za osuga zilizolala kwenye maziwa usiku kucha, akaniambia, "Kula, mikono yako inatetemeka." Hapo ndipo nilipomwona Obure kwa mara ya kwanza. Alikuwa kaka mkubwa wa Odero, na boma lake lilipakana na hili. Aliingia, akaangalia kiti, akakataa kukikalia, akavuta kigoda.

Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa akikataa kukikalia kwa miaka zaidi ya ishirini. Odero alikuwa amemwendesha daktari mmoja wa kizungu siku za nyuma, na huyo daktari alipokuwa akirudi kwao Odero alimpa ng'ombe wanne, wote aliorithi kwa baba yao, akachukua gari. Daktari aliwaacha ng'ombe kwa jirani na kuondoka. Kwa Obure, ndugu yake alikuwa amebadilisha baba yao kwa bati. "Odero," alisema siku hiyo huku akimega ugali, "wewe ukifa tutafukuza kifo na nini? Na honi?" Kwa Wajaluo, mwanamume mzee akifa kunafanywa tero buru: ng'ombe wanaswagwa kwa mbio hadi mpakani au mtoni, wanaume na mikuki yao, nyimbo, vumbi, kifo kinafukuzwa kiende mbali na boma, kisha ng'ombe wanarudishwa nyumbani. Ndugu wataleta ng'ombe wao, lakini wa mbele anatakiwa awe wa marehemu mwenyewe. Odero hakukasirika. "Honi inasikika mbali kuliko ng'ombe yako," akajibu. Na Mama Akinyi kutoka jikoni: "Kuleni, chakula inapoa. Hakuna mtu anakufa leo." Wakacheka wote wawili, lakini niliona Obure akikiangalia kile kiti tena kabla hajatoka, kama mtu anayeangalia mahali alipoibiwa.

Mguu wa kushoto wa Odero ulikuwa unavimba. Mwezi wa nne klachi ilianza kumshinda, na hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba uzi, "Nyar Karungu, miguu yako inajua cherehani. Klachi ni dada yake." Tulijifunza kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, na watoto walikaa kwenye ukuta wakipiga makofi kila injini ikizima. Sikuwahi kufurahi vile. Nilikuwa nikiimba nikiendesha, naye alikuwa ananiambia, "Imba pole, siisikii injini." Kila kitu kwa Odero kilisikilizwa. Kipima joto kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo alinifundisha kunusa: rangi ya boneti ikianza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, simama, zima injini, fungua boneti, ngoja, usimwage maji baridi hata mtu akulilie. Mlima hatukuupanda bila kupumzika. Kwenye safari ndefu tulisimama mara tano, sita, na yeye alikuwa anashuka na kusimama kando ya gari kimya, kofia mkononi, vile mtu husimama karibu na mgonjwa aliyelala.

Wazee wanne wenye magari ya zamani walikuwa na siku yao moja kila mwaka, mwezi wa nane, pale Homa Bay. Hawakuwa na chama wala mwenyekiti. Walikuwa tu na kanuni moja: gari lije kwa injini yake. Gari lililovutwa kwa kamba halikuhesabiwa kuwa limefika, na mwenyewe alikula samaki wake akiwa amekaa kando. Mwaka ule tuliondoka mapema, Odero kwenye usukani ingawa mguu ulimuuma, mimi kando yake, Mama Akinyi nyuma na vikapu, amevaa kitambaa cha kichwa cha manjano. Pale Rongo tulisimama kumpumzisha Agulu, na akina mama wa kwaya waliokuwa wakingoja usafiri wakampenda, wakakata maua ya ua wa duka moja na kuanza kuyafunga mbele, kwenye zile fito za chuma za usoni. Odero alishuka na ule mguu wake, akayatoa moja moja, kwa adabu, akampa kila mama ua lake. "Gari inapumulia hapa," aliwaambia. "Ukimwekea mtu nguo puani, utasema unampamba?" Wakayaweka maua juu ya boneti, nyuma, milangoni. Usoni hapana. Niliyashika maneno yale, naapa niliyashika, na ndiyo sababu nayaandika hapa kabla ya mengine.

Ziwa siku hiyo lilikuwa limefunikwa na gugu maji hadi mbali, kijani tupu kama shamba, na mashua zimekwama ukingoni. Magari manne yaliegeshwa yakitazama maji: Agulu, lori la Mwita lenye bodi ya mbao, gari moja la mgongo wazi lililotoka Mbita, na basi dogo lisilokuwa na viti. Waliyaosha kwanza wao wenyewe, hawakukubali vijana wa hapo wawasaidie, suruali zimekunjwa magotini, na huku wakitupiana maneno. "Mwita, hilo lori lako lilikuja au lilitupwa?" "Lilikuja, na lingefika jana, lakini lilingoja chungu chenu kichemke." Tulikula ngege, samaki wa ziwani, wa kukaanga, kwenye karatasi, ugali wa moto, pilipili, mgongo wa kilima cha Got Asego nyuma yetu. Watu wa mjini walikuja wakisimama, wengine na watoto wao, wakauliza kama wanaweza kukaa ndani dakika moja tu, na Odero aliwakalisha wote, akiwaambia jina la aliyeshona. Nilijiona tajiri. Kisha wakati chai inamiminwa alisema, hakumwangalia mtu, "Mwaka kesho gari italetwa na huyu," akaniwekea mkono begani. Wa Mbita akauliza, "Msichana?" Mwita akamjibu, "Kwani gari inauliza?" Kurudi nyumbani niliendesha mimi. Odero alikaa nyuma na mke wake, na kila nilipotazama kwenye kioo niliona kile kitambaa cha manjano kimeegemea bega lake. Nimekaa kwenye arusi nyingi tangu hapo, na sijaona watu wawili wamekaa vile.

Odero alikufa mwezi wa kumi. Ulikuwa ule mguu, halafu moyo, na ilikwenda haraka. Siku ya tatu baada ya mazishi wanaume walikusanyika hapa kwa ajili ya tero buru, na yale maneno ya mezani yakarudi, safari hii bila kicheko. Obure alikuwa ameleta ng'ombe wake saba. "Hawa wataenda," alisema, "lakini mbele hakuna kitu. Ndugu yangu hakuwa na ng'ombe." Mama Akinyi alikuwa ameketi mlangoni. Hakulia. Alisema, na kila mtu alisikia, "Alikuwa na moja." Akamwonyesha Agulu kwa kidevu. Kulizuka maneno, wengine wakasema ni mzaha, kijana mmoja akauliza kama atapewa nyasi, wazee wakabishana muda mrefu. Mwishowe Obure akainua fimbo. "Iende," akasema. "Ikienda na kurudi nyumbani, nitakubali ilikuwa ng'ombe. Ikibaki mtoni, basi Odero alikufa bila ng'ombe, na mtu asiniambie tena." Hakukuwa na mwingine aliyeijua klachi ile ila mimi. Mama Akinyi alinifungia kile kitambaa chake cha manjano kichwani, akaniambia yeye mjane hatavuka lango, atangoja hapo. Nikamwambia, "Utasikia honi tukirudi." Nilimwahidi hivyo hivyo, kwa wepesi, vile nilivyoahidi vitu vyote umri ule.

Nilikuwa nimeshaketi kwenye usukani Obure alipokuja na bombwe, ule mmea wa kutambaa ambao kwetu hufungwa kwa wapiganaji na kwa fahali wa mbele siku kama hiyo. Alikuwa ameukata mwingi, mkono mzima. Hakuwahi kuligusa gari lile. Nilimwona kwenye kioo cha mbele akisimama, akiangalia afunge wapi, maana fahali hufungwa shingoni na huyu hana shingo, na kisha akainama akaanza kuusokota usoni, kwenye zile fito za chuma, tabaka juu ya tabaka, akaufunga na kamba ya nailoni. Kisha nikaona kwamba analia, kimya, machozi yanashuka kwenye ndevu nyeupe, na midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia. Nilifungua mlango nusu. Nilikuwa na maneno ya Rongo mdomoni, yote, tayari. Nikafunga mlango. Ningemwambiaje mzee yule, ambaye miaka ishirini na zaidi hakukalia kiti cha ndugu yake, atoe majani yake? Nilijiambia mto ni karibu. Ni mteremko kwenda. Ataweza.

Tulishuka. Ng'ombe saba nyuma yangu, wanaume na mikuki pande zote, filimbi, nyimbo, na mimi katikati nimevaa kitambaa cha mwanamke anayengoja langoni. Mwendo wa ng'ombe ni mwendo mbaya kwa gari la zamani, polepole, gia ya kwanza, hakuna upepo. Kabla hatujafika kwenye migomba nilinusa ile pasi juu ya nguo. Nilijua, na sikusimama, kwa sababu kusimama kabla ya mto ni kukiacha kifo njiani. Tulifika ukingoni, mikuki ikainuliwa kuelekea ng'ambo, wakakipigia kelele kifo kivuke, na katika zile kelele nikasikia chini ya miguu yangu mlio mkavu, kama chungu kinapopasuka motoni. Mvuke mweupe ukapita katikati ya majani. Injini ikazima. Nyimbo zikafa moja moja hadi ikabaki sauti ya maji tu.

"Ng'ombe imekufa," kijana mmoja akasema. Hakuna aliyecheka. Mwita alikuwepo, amesimama kando na kofia mkononi, alinitazama mara moja akatazama chini. Nilishika usukani na sikuweza kushuka. Nilikuwa nikimfikiria Mama Akinyi langoni, akisikiliza. Obure akaja mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, ikamchoma, akakiondoa, akakiweka tena. Alikaa hivyo. Kisha akazunguka nyuma, na nikamsikia kabla sijamwona, akigonga bati la nyuma na fimbo yake, taratibu, vile mtu humgonga ng'ombe anayemjua. "Ng'ombe inachoka," akasema. "Zangu pia kuna siku zililala njiani, na nililala nazo. Na nani hapa alishawahi kuswaga ng'ombe akiwa mbele yake? Njooni nyuma." Wakaja. Wanaume kumi na watano, labda ishirini, waliweka mikuki juu ya paa na mabega kwenye lile umbo la mviringo, na mlima ule wote tuliupanda hivyo, Obure akipiga mluzi wa wachungaji na kugonga bati, ng'ombe saba wakitufuata. Niliweka gia huru. Tulipofika kwenye kona ya mwisho nilikumbuka, nikabonyeza honi. Betri ilikuwa bado nzima. Nilibonyeza hadi langoni, na Mama Akinyi alikuwa amesimama pale, mikono kichwani, na hapo tu ndipo alipolia.

Agulu hakuwaka tena. Sikumpeleka Homa Bay mwaka uliofuata, maana hangefika kwa injini yake. Mwita alikwenda na yule wa Mbita, kisha Mwita peke yake, kisha hakuna. Jioni ile ile ya tero buru Obure alikuwa ameingia sebuleni, akakaa kwenye kile kiti cha nyuma, polepole, katikati kabisa, akaniuliza, "Nyar Karungu, ni nini ilimmaliza?" Nikamwambia, "Uzee, jaduong'." Akaitikia kwa kichwa. Alikufa akiamini hivyo, na mimi nimekaa na uongo ule karibu miaka thelathini, na nimeshona viti vya watu elfu nikiufikiria.

Haya ndiyo niliyomwambia Mwita Ijumaa, nyuma ya ghala, sahani za watu zikilia upande ule mwingine. Nilimwambia nilijua. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichora udongo na fimbo. "Na mimi niliona," akasema. "Mimi nilikuwa dereva kabla hujazaliwa, nisione majani kwenye redieta? Lakini mimi ni Mkuria. Nitaanzaje kuvua ng'ombe ya Wajaluo mapambo yake?" Akaufuta ule mchoro kwa kiatu. "Obure aliniuliza mimi pia. Baada ya mwezi mmoja hivi, alikuja mpaka kwangu kwa miguu."

"Ukamwambia nini?"

"Uzee."

Kuku alishuka kutoka kwenye gari, akatupita. Kisha Mwita akainuka kwa shida, akaenda mbele ya Agulu, akaniita kwa kidole. Bombwe lilioza zamani, lakini ile kamba ya nailoni bado iko, imepauka, imezungushwa kwenye fito za chuma na kufungwa pembeni chini ya taa. Akaishika ncha yake akaivuta. Fundo halikusogea wala halikukaza. "Wewe ni mtu wa uzi," akaniambia, "hii huwezi kuijua. Hii tunafunga shingoni mwa ndama. Hata akivuta usiku kucha haimnyongi." Akaiachilia. "Obure mwenyewe alichagua hii."

Nilipitisha kidole changu ndani ya kile kitanzi. Kilikuwa kipana, kidole kilizunguka bila kugusa. Walituita chakula, Mwita akatangulia, nami nikabaki kidogo, kisha nikaenda. Kamba sikuifungua.